Siku Niliyosimama Juu ya Matumbawe

Mdogo wangu alikuwa na jina moja tu kwa kila kiumbe alichokiona baharini: samaki wa rangi. Kitatange, samaki wa rangi. Pono, samaki wa rangi. Siku aliyokutana na kasa aliniandikia kwamba leo kaona samaki wa rangi lakini huyu ana mikono. Nilisoma ujumbe huo nikiwa nyuma ya jiko langu la mkaa, pembeni ya foleni ya malori pale Tunduma, mkono mmoja umeshika simu na mwingine unageuza chapati, na chapati ile ikaungua. Dereva aliyekuwa anaisubiri akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia hapana, ni wivu tu. Akacheka, akajua natania.

Sikuwa natania. Mimi ni mtu wa furaha, wateja wangu wote watakwambia, wa upande huu na wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Nikiamka naimba, nikikanda unga naimba, hata vumbi la malori likinijaa puani naimba hivyohivyo. Lakini jambo la mdogo wangu na bahari lilikuwa limekaa kifuani kama tonge lililokataa kushuka. Maana bahari ile ilikuwa yangu. Niliitaka mimi kwanza.

Niliitaka tangu darasa la tano, kijijini kwetu Igamba. Tulikuwa na kitabu kimoja kwa watu sita, na ndani yake kulikuwa na picha ya matumbawe. Wino ulikuwa umechuruzika, kila kitu kikawa rangi ya chungwa, hata yule mzungu aliyekuwa anaelea juu akitazama chini alikuwa wa rangi ya chungwa. Sikujua kitu kama hicho kipo duniani, bustani chini ya maji, na mtu anapita juu yake bila kukanyaga. Kwa kuwa kukichana kitabu ilikuwa ni kutafuta fimbo, nilikariri picha, nikaja kuichora kwa mkaa ukutani, juu ya kitanda tulichokuwa tunalala wawili. Mama alinichapa, kisha akaiacha. Mdogo wangu aliitazama kwa muda, akauliza, "Hivi hayo mawe yanaliwa?" Nilimweleza kwamba si mawe, ni viumbe. Akageukia upande wa pili akalala.

Sasa ilikuwaje yeye akatangulia? Hapo ndipo panaponitia aibu, kwa sababu hakuna mtu wa kumlaumu. Tulikuwa tumemaliza shule wote, mimi miaka miwili kabla yake, matokeo yetu ni yale ya kusema ahsante Mungu basi. Tukaomba nafasi kwenye chuo cha mapishi Mbeya, wote wawili, tukapata wote wawili. Mwezi uleule, msimu wa kahawa umepamba moto, mama akateleza kwenye maganda ya kahawa mvua ikinyesha, akavunjika mguu. Mmoja lazima abaki. Baba hakusema nani. Nilisema mimi, nitabaki, yeye aende, mimi ni mkubwa. Nilisema nikitabasamu. Hakuna aliyenilazimisha, na wivu wa kitu ulichokitoa kwa mkono wako mwenyewe hauna pa kulalamikia.

Mama alipopata nafuu mimi nikashuka Tunduma kupika chapati; mdogo wangu alipomaliza chuo akapelekwa kwa mafunzo kwenye hoteli ndogo ya wageni kisiwani Mafia. Kazi yake ilikuwa jikoni. Wageni wakienda kuelea juu ya matumbawe, yeye alipanda nao botini kuwabebea chakula cha mchana, na siku moja mtu mmoja akamwazima miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, akamwambia tumbukia uone. Akatumbukia. Mtu ambaye kwetu, tukivuka mto wakati wa masika, alikuwa anabebwa mgongoni, analia mpaka ng'ambo.

Video ya kwanza aliyonitumia niliiangalia mara nyingi mno. Uso wake umebanwa na miwani, mashavu yamevimba, dole gumba juu, nyuma yake bustani yangu yote. Niliwaonyesha madereva kwenye foleni, nikawaambia huyo ni mdogo wangu wa damu, kwa majivuno kabisa. Halafu nikaenda nyuma ya banda nikajibu neno moja: "Nzuri." Nilifanya hivyo mwaka mzima. Yeye ananiandikia mistari kumi, mimi najibu nzuri. Hata sauti yake kwenye simu ilikuwa imebadilika, lile vuta-vuta letu la Kinyiha limelainika, anasema ati, anasema hebu, kama mtoto wa pwani. Nikimaliza kuongea naye nilikuwa najaribu kusema ati nikiwa peke yangu. Halikunikaa.

Siku moja akapiga asubuhi, ana pumzi juu juu. Mkuu wa waongozaji amekubali kumtoa jikoni, awe mwongozaji wa majini, msichana wa kwanza pale kwao. Ila kuna mtihani. Lazima alete mtu ambaye hajawahi kuingia baharini, ampitishe juu ya mwamba wa matumbawe kwa mkondo wa maji, toka mwanzo hadi mwisho, na huyo mtu asiguse tumbawe hata moja. Akigusa, mtihani umeanguka, arudi kwenye sufuria.

"Dada, nimewaambia nakuleta wewe," alisema. "Hakuna anayeyajua matumbawe kama wewe."

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Nilifurahi, ndiyo, lakini cha kwanza kuja kichwani kilikuwa kingine: kwa hiyo ndoto yangu imekuwa mtihani wake. Mimi nakwenda kule kama mzigo wa kupimia.

Mama, ambaye sasa anatembea vizuri, anachechemea tu kukiwa na baridi, alinifungia kahawa, maharage na unga kana kwamba kisiwani hawali. Nilisafiri siku mbili, basi mpaka Dar es Salaam kisha Nyamisati, na kutoka pale boti. Nilipoiona bahari mara ya kwanza ilikuwa ya kijivu, ina makopo ya plastiki ukingoni, na mimi nililia hivyohivyo. Mama mmoja aliyekaa karibu akanipa leso akidhani nimeanza kuugua mawimbi.

Mdogo wangu alikuja kunipokea amekuwa mweusi, amenyooka mabega, anasalimiwa na kila mtu. Alinikumbatia mpaka mfuko wa maharage ukapasuka.

Mkuu wa waongozaji alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kuongea akiangalia maji badala ya kukuangalia wewe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza bara tunaoga wapi. Nikasema mtoni. Akauliza kama maji ya mto yanakimbia. Nikasema masika yanang'oa miti. Akatikisa kichwa kama daktari aliyesikia dalili mbaya, akamwambia mdogo wangu, "Huyu atashusha mguu."

Nitaeleza alichomaanisha, kwa sababu yote yamekaa hapo. Sisi watu wa milimani tunafundishwa jambo moja kuhusu maji yanayokwenda: tafuta ardhi. Unavuka na fimbo, unakita mguu mmoja, unausimamisha, ndipo unainua wa pili. Maji yakikuzidi, zamisha mguu mpaka ushike jiwe. Baba alitufundisha hivyo kabla hatujajua kusoma, na watoto wa kwetu waliosahau tumewazika. Lakini kule juu ya matumbawe sheria ni kinyume. Maji yakianza kujaa yanaingia ghubani kupitia juu ya mwamba, na wewe unalala kifudifudi, mikono mbele, unaachia yakubebe. Hupigi mbizi, huogelei. Mguu ukishuka, umeua kitu kilichotumia miaka na miaka kukua urefu wa kidole.

Mdogo wangu alinifundisha kwanza pale ufukweni, maji ya kiunoni. Jaketi la kuelea kifuani, miwani, mrija mdomoni. Kila nilipolala, miguu ilizama yenyewe ikagusa mchanga. Mara ya saba akacheka.

"Dada, unakumbuka kahawa ikioshwa? Ile inayoelea tunaitoa tunaitupa, tunasema hafifu."

"Nakumbuka."

"Basi hapa kuwa hafifu. Elea."

Nikacheka na mimi, maji yakaingia kwenye mrija, nikakohoa nusura nitapike. Nilimpenda sana dakika ile. Nilimpenda, na huku naona jinsi wale wageni wawili waliokuwa karibu walivyokuwa wanamsikiliza, wanamwiga anavyolaza mikono. Hakuna aliyeniuliza mimi jina la tumbawe lolote.

Kesho yake asubuhi tukaenda. Boti ilikuwa ya mashine, ndogo, na mkuu akaizima mahali maji yalipobadilika kutoka bluu kuwa kijani. Alieleza mara ya mwisho. Mdogo wangu atatangulia akivuta boya la duara lenye kamba. Mimi nitashika boya kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto atanishika yeye. Boti itatufuata kwa mbali na kutuokota upande wa pili. "Mguu usishuke," akasema, akiyaangalia maji.

Nikaingia, nikaweka uso chini.

Sijui niandikeje. Kitu cha kwanza kilichonishtua ni sauti. Nilidhani chini ya maji ni kimya, kumbe kunachachatika, ch-ch-ch-ch, kama mafuta yakishapata moto kwenye kikaango changu. Kisha rangi. Haikuwa ya chungwa. Ilikuwa kahawia, na kijani ya majani ya mgomba machanga, na zambarau nyepesi kwenye ncha za matawi, na manjano, na juani vyote vinatikisika. Na sisi hatusogei. Ndivyo unavyohisi: wewe umetulia, bustani ndiyo inapita chini yako, imepewa miguu. Matumbawe kama pembe za swala, maelfu. Meza pana zilizotandazwa kwa ajili ya sherehe ambayo hakuna aliyefika. Pono wawili wanatafuna mwamba, nasikia meno yao kabisa. Nililia ndani ya miwani, ikapata ukungu.

Mdogo wangu alikuwa ananionyesha. Hilo ndilo lililoharibu. Kila kitu kabla sijakiona, kidole chake kimeshakifikia. Kitatange kwenye shimo, kidole. Chaza mkubwa mwenye midomo ya bluu, kidole, ananibonyeza mkono niangalie. Nami nilikuwa nimesubiri tangu darasa la tano kukiona hata kitu kimoja kwa macho yangu mwenyewe, kabla ya mtu mwingine. Mbele kushoto nikaona taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, amejilaza kwenye kipande cha mchanga kati ya matumbawe mawili, ana madoa ya bluu. Yeye alikuwa anatazama kulia. Hajamwona. Nikasema moyoni, huyu wangu.

Nikachomoa mkono wangu kutoka kwenye wake. Na wa boya pia nikauachia.

Nilikwenda kama hatua tatu za mtu. Nilimwona taa, nilimwona vizuri, akajikung'uta mchanga akaondoka kama kitambaa kilichopeperushwa. Nilipoinua macho, mwamba ulikuwa umepanda. Pale palikuwa pa kina cha kiuno, pengine chini ya hapo, na maji yalipobanwa yakaongeza kasi, yakanikamata tumboni, yakanizungusha. Nikaona matawi yanakuja usoni. Na mguu wangu, bila kuniuliza, ukafanya kile ulichofundishwa na baba.

Lile tawi lilivunjika chini ya kiatu changu cha mpira, na niliisikia sauti yake, kavu, ndogo, kama kuvunja kijiti cha kuwashia moto. Halafu la pili. Nilikuwa nimesimama wima katikati ya bahari kama mtu anayesubiri usafiri, maji yako mapajani, na vipande vyeupe vinabingirika kuondoka na mkondo. Muundi ulikuwa unatoka damu. Mdogo wangu alishageuka. Hakunipungia, hakupiga kelele. Alirudi akikata maji, akaninyoosha, akanilaza kifudifudi, akaninyanyua miguu kwa mkono wake chini ya magoti yangu mpaka tukafika pa kina.

Botini mkuu aliangalia muundi wangu, kisha akayaangalia maji.

"Nani aliachia?" aliuliza.

"Mimi," akasema mdogo wangu. "Nilimwachia mkono. Nilikuwa naangalia kulia."

Nilinyamaza. Ninaandika hili kwa sababu nataka lijulikane: nilinyamaza. Mashine ya boti iliwashwa, ikakataa, ikawashwa tena, na muda wote huo nilikuwa na nafasi ya kusema na sikusema. Na ndani ya kimya kile kulikuwa na kitu kitamu, kidogo kama punje ya sukari, kikiniambia kwamba kesho atakuwa jikoni na mimi nitarudi Tunduma na tutakuwa sawa tena. Nilimwangalia. Alikuwa anakunja kamba ya boya, vizuri, mzunguko juu ya mzunguko, kama mtu anayekabidhi kifaa.

"Si kweli," nikasema. "Hakuniachia. Nilijitoa mwenyewe."

Mkuu akageuka, safari hii akaniangalia mimi. "Uliogopa?"

"Mguu uliogopa. Mkono haukuogopa."

Alielewa. Niliona kwamba ameelewa, na nikatamani arudi kuangalia maji. Akasema mtihani wa leo haupo, wala haukuanguka wala haukupita. Kesho kuna mgeni ambaye naye hajawahi kuingia baharini, mdogo wangu atampitisha huyo. "Na wewe, dada wa bara, utakaa na mimi hapa."

Kwa hiyo hapo ndipo safari yangu ya majini ilipoishia. Mara moja tu, tena nusu ya njia.

Jioni mdogo wangu alinifuata. Alinikalisha kwenye ngazi ya chumba cha wafanyakazi, akakata ndimu, akanikamulia kwenye kidonda. Iliwasha mpaka nikauma mtandio. Hakunipuliza.

"Ungeniambia tu kwamba unaitaka," akasema.

"Nini?"

"Bahari."

"Niliitaka kabla yako."

"Najua. Nani hajui? Umechora ukutani, umewaambia Igamba nzima." Akakamua tena. "Nikaona nikikwambia ni nzuri utaumia. Nikawa nakuandikia ujinga, samaki wa rangi, samaki wa rangi, nikasema dada ataudhika, atanisahihisha, tutaongea. Unajibu nzuri."

"Kwa hiyo majina unayajua."

Akayataja, mfululizo, bila kupumzika, akiwa ameshika mguu wangu: kitatange, pono, chewa, changu, kikande, taa, kasa, mengine sikuwahi kuyasikia. Nilikuwa nimemwibia ujumbe wake wote wa mwaka mzima na kumpa neno moja. Nilitaka kumwambia pole. Nikasema, "Na mimi nilimwona taa kabla yako." Akanitazama, akajaribu kutocheka, akashindwa. Halafu akaacha kucheka ghafla, akasema kesho mgeni akishusha mguu basi, hakuna mtihani wa tatu.

Asubuhi niliamka nimevimba macho. Mgeni mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Dodoma, mnene, mwoga, anacheka kila kitu kwa sababu ya uoga. Nilimwomba Mungu mama huyo asije. Alikuja. Waliingia majini palepale tulipoingia sisi, nami nikakaa botini karibu na mkuu, jaketi langu limefungwa mpaka kidevuni ingawa siendi popote.

Kutoka juu hakuna cha kuona. Maji yanametameta, na mirija miwili, mmoja mwekundu mmoja mweusi, inakwenda pamoja taratibu bila mtu kupiga hata pigo moja. Mkuu alisema wakifika pale kwenye kijani iliyofifia ndipo penye shida. Nilipafahamu. Muundi wangu ulipafahamu. Mirija ikakaribia, mkondo ukaongezeka, na nikaona ule mwekundu, wa mama wa Dodoma, unapinda, unayumba, kichwa kinataka kuinuka.

Mdogo wangu hakuvuta. Alimsogelea tu, akaupitisha mkono wake chini ya mkono wa yule mama, mpaka begani, akamlaza, wakapita mahali pale bega kwa bega kama watu waliolala kitanda kimoja. Kichwa hakikuinuka. Mkuu alihema, akasema, "Basi, amepita," akasimama kwenda kuwasha mashine.

Mimi sikusimama. Nilikuwa nautazama ule mkono. Nilifurahi, wallahi nilifurahi, machozi yalikuwa yanashuka, na bado wivu ulikuwepo, mzima, haujapungua hata kidogo, ila ulikuwa umehama. Haukuwa tena kwa ajili ya matumbawe. Nilikuwa namwonea wivu yule mama asiyejua hata kimoja alichopita juu yake, kwa sababu ameshikwa vile, na hakujitoa.